Kapcha kadi inagoma: soma dalili kabla hujanunua nyingine

Kijana mmoja alinijia hapa Mwanjelwa, Mbeya, na PS4 kwenye begi la shule na kapcha kadi mbili mfukoni, yaani vile vifaa vya kunasa picha ya gemu kutoka kwenye konsoli na kuipeleka kwenye laptopu. Ya kwanza aliagiza Kariakoo, ikaja kwa basi, ikampa skrini nyeusi. Akajua ameuziwa kimeo. Akajibana, akaagiza ya pili, nayo nyeusi vilevile. Sikuigusa kadi hata moja. Niliingia kwenye mipangilio ya PS4, nikaondoa tiki moja, picha ikaja kwenye kadi zote mbili. Alinihesabia safari alizotembea kwa miguu kutoka Iyunga ili aokoe nauli ya kununulia ile ya pili, na ikabidi tukae kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Kadi mbovu zipo, lakini kwa malalamiko ninayoletewa na vijana wa Soweto, Uyole na wenzetu wa Iringa, kadi huwa ya mwisho kushikwa na hatia. Kwa hiyo nimepanga haya kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza, usiruke.

Kwanza ielewe njia. Picha inatoka kwenye konsoli, inapita kwenye kebo ya HDMI, inaingia kwenye kadi. Ndani ya kadi inagawanyika: tawi moja linakwenda kwenye TV ili ucheze, jingine linapita kwenye USB hadi kwenye laptopu. Kwenye laptopu programu, kwa wengi wetu OBS Studio kwa sababu ni ya bure, inaipokea, inaibana, kisha inaiandika kwenye diski au inairusha laivu. Kazi yote ya kutafuta tatizo ni kujua picha imeishia wapi katika njia hiyo.

Na kama hujanunua bado, jiulize kama kadi unaihitaji. PS4 na PS5 zinarekodi zenyewe. PS4 inahifadhi dakika 15 za mwisho bila wewe kugusa kitu, na unaweza kuiongeza hadi dakika 60. Zote mbili zinaweza pia kurusha laivu kwenye YouTube au Twitch bila laptopu. Anayetaka goli moja la kuweka status hahitaji kutumia hela. Kadi ni ya anayetaka sura yake ionekane pembeni, matokeo ya ligi ya mtaa yaandikwe juu, au mechi tano zirekodiwe mfululizo.

SKRINI NYEUSI KWENYE LAPTOPU, TV INAONYESHA VIZURI

Angalia maandishi kwenye kadi. IN inapokea kebo ya konsoli, OUT inakwenda kwenye TV. Matundu yanafanana kabisa, na usiku mwanga ukiwa hafifu yanachanganywa na watu wazima wenye akili zao.

Kama yako sawa, na konsoli ni PlayStation, shika HDCP. Hilo ni kufuli la hakimiliki linalosafiri ndani ya HDMI, limewekwa kuzuia watu kunakili filamu. Kadi ikikutana nalo inatoa weusi, na iko sahihi kufanya hivyo. PS4: ingia Settings, System, kisha ondoa tiki kwenye Enable HDCP. PS5: Settings, System, HDMI, zima Enable HDCP. Ujue kwamba likizimwa, Netflix na programu nyingine za filamu hazitafunguka mpaka ulirudishe; usije ukaambiwa na dada yako nyumbani kwamba umeharibu PS. Xbox One, Xbox Series na Nintendo Switch haziweki kufuli hilo wakati wa gemu, kwa hiyo mwenye hizo apite moja kwa moja.

Sababu inayofuata ni konsoli kutoa picha kubwa kuliko uwezo wa kadi. PS5 ikiwa imeunganishwa na TV nzuri inaweza kutoa 4K, HDR (rangi na mwanga wa ziada) na fremu 120 kwa sekunde, na kadi ndogo ikipokea hayo yote inabaki imeduwaa. Weka rezolusheni 1080p, zima HDR, zima 120 Hz, ujaribu tena. Ukikosea hapa TV nayo ikawa nyeusi, usiogope. Zima PS5 kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde 7, unganisha pedi kwa waya, na kwenye menyu itakayokuja chagua kubadilisha utoaji wa picha.

Halafu rudi kwenye laptopu. Kwa kawaida kifaa kimoja hakishikwi na programu mbili: kama uliifungua kadi kwenye programu ya kamera ya Windows ili kuijaribu, ifunge kabla ya kufungua OBS. Hakikisha kwenye OBS umechagua kadi, si kamera ya laptopu yako. Na kwenye Windows, sehemu ya Privacy, ruhusu programu kutumia kamera. Windows inaihesabu kapcha kadi kama kamera. Ukiizuia kamera umeizuia kadi.

Mwisho kabisa badilisha kebo. Kebo ndefu na nyepesi inaweza kupeleka 720p vizuri ikashindwa 1080p.

TV NAYO NYEUSI

Toa kadi katikati. Konsoli moja kwa moja kwenye TV, kwa kebo ileile. Picha ikija, kadi au mpangilio wa rezolusheni ndio wa kuangaliwa. Isipokuja, jaribu kebo ya pili na tundu la pili la TV.

Bado hakuna kitu? Zima kila kitu kwenye soketi, washa tochi ya simu, chungulia tundu la HDMI la konsoli. Ndani kuna ulimi mwembamba wenye vijiti 19 vilivyopangana kama meno ya kitana. Kimoja kikiwa kimelala au kimeingia ndani, simama hapo. Usikinyooshe kwa sindano. Nimeona vijiti viwili vilivyopinda vikageuka kuwa tundu zima la kubadilisha kwa sababu ya sindano ya kushonea. Kubadilisha tundu kunahitaji mashine ya hewa moto na mkono uliozoea, na kwenye PS5 kuna hatari ya ziada: kati ya prosesa na kipooza joto kumewekwa metali ya majimaji, inayopitisha umeme. Ikimwagika kwenye bodi, konsoli inaweza kufa. Muulize fundi kama amewahi kufungua PS5, na akisitasita chukua konsoli yako uondoke bila kuona aibu.

LAPTOPU HAIIONI KADI KABISA

Mara nyingi ni kebo ya USB. Kadi zenye tundu la USB-C zinakuja na kebo yake. Ikipotea, mtu anachukua kebo ya chaja ya simu. Kebo nyingi za chaja zinapitisha umeme tu, au data ya mwendo mdogo. Taa ya kadi inawaka, laptopu haijui lolote.

Toa hab ya USB, chomeka kwenye laptopu moja kwa moja. Jaribu tundu la upande mwingine.

Kisha programu. Kadi nyingi za siku hizi, ndogo na kubwa, zinatambuliwa na Windows bila kuongeza kitu. Baadhi za zamani kidogo, kama Elgato HD60 S, zinataka draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji. Na kama laptopu yako ni ya Windows 7, jua kwamba OBS iliacha kuihudumia tangu toleo la 28 la mwaka 2022, pamoja na Windows za biti 32. Laptopu za mtumba zinazouzwa huku bado zina mifumo hiyo. Hapo kadi mpya haitakusaidia. Anza na kuweka Windows 10 ya biti 64 au zaidi, kama mashine inaimudu.

PICHA INAKWAMAKWAMA, HATA BILA KURUSHA LAIVU

Hapa ndipo hela nyingi hupotelea, kwa hiyo nitakaa.

Kwenye boksi imeandikwa 4K. Ndani ya kijikadi kile kidogo kama flashi, mara nyingi, neno hilo lina maana kwamba kinaweza kupokea picha ya 4K. Kinachofika kwenye laptopu ni 1080p kwa fremu 30, au 720p kwa fremu 60. Muuzaji hajadanganya, ila hajakwambia yote. Ukicheza mpira kwenye FC (zamani FIFA), mpira mrefu uliopigwa kutoka pembeni unauona ukiruka vipande vipande kwenye rekodi ilhali kwenye TV ulikuwa laini. Huo si ubovu. Ni mwisho wa uwezo wake.

Sababu iko kwenye hesabu. Picha ya 1080p kwa fremu 60, bila kubanwa, inahitaji takriban megabiti 2,000 kila sekunde. USB 2.0 mwisho wake ni 480. USB 3.0 mwisho wake ni 5,000. Kadi ya USB 2.0 inalazimika kuibana picha kabla haijaituma, kwa mtindo unaoitwa MJPEG, la sivyo haipiti mlangoni.

Sasa fungua OBS, bofya kulia kwenye chanzo cha kadi yako, Properties, na mahali pa Resolution/FPS Type chagua Custom. Weka 1920x1080. Kisha angalia Video Format. Kama ipo kwenye YUY2, ambayo haijabanwa, na orodha ya fremu inakupa 5 tu, hilo ndilo tatizo lako. Weka MJPEG, chagua 30. Au shusha hadi 1280x720 uchague 60. Kwa mpira na gemu za mapigano mimi hupendelea hii ya pili, kwa sababu mtazamaji anasamehe picha isiyo kali kuliko picha inayoruka.

Kama kadi yako imeuzwa kuwa ya USB 3.0 na bado inakupa hizo fremu 5, iangalie plagi yenyewe kabla ya kumlaumu mtu. Rangi ya bluu ndani ya plagi haithibitishi kitu, kwani plastiki ya bluu inawekwa na yeyote. Ielekeze kwenye mwanga uchungulie. USB 2.0 ina vipande vinne vya shaba, bapa, mbele. USB 3.0 ina hivyo vinne na vingine vitano vidogo nyuma yake, vimejificha kwa ndani. Ukihesabu vinne tu, una USB 2.0 iliyovikwa bluu. Ukihesabu tisa, basi tatizo ni tundu la laptopu: laptopu za zamani zina matundu mchanganyiko, moja la USB 3.0 na mawili ya 2.0. Na ukichomeka polepole, kadi ya 3.0 inaweza kutambuliwa kama 2.0. Chomoa, chomeka kwa mkono mmoja ulionyooka na wa haraka, uangalie orodha tena.

Kadi na USB vikiwa sawa na bado picha inakwama, mgonjwa ni laptopu. Kwenye OBS fungua Stats. Kuna mistari mitatu ya kusoma wakati unarekodi. Wa kwanza unahusu kuchelewa kuchora picha: kadi ya michoro imezidiwa. Wa pili unahusu kuchelewa kuibana: enkoda imezidiwa. Wa tatu ni wa mtandao, nitaufikia. Ukiona wa pili unapanda, ingia Settings, Output, na kwenye enkoda ondoka x264, ambayo inamtwisha prosesa mzigo wote. Chagua Quick Sync kama una prosesa ya Intel yenye michoro yake, au NVENC kama una NVIDIA. Hizo ni sehemu maalumu ndani ya chipu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Laptopu ya i5 ya kizazi cha nne iliyokuwa inapumua kama jiko la mkaa inatulia papo hapo.

Sababu adimu zaidi: Windows kuzima USB ili kuokoa umeme, hasa laptopu ikiwa kwenye betri. Dalili yake ni picha kuganda kabisa baada ya dakika kadhaa, siyo kuruka. Zima USB selective suspend kwenye mipangilio ya umeme. Kadi kuwa ya moto ni kawaida. Moto wa kushindwa kuishika kwa sekunde tatu, pamoja na picha kuganda kila baada ya muda uleule, ni dalili kwamba kadi yenyewe inachoka. Hapa ndipo nakubali neno kimeo.

PEDI INACHELEWA

«Nikibonyeza pasi, mchezaji anapiga baadaye.» Ninalisikia kila wiki, na ninauliza swali moja: unacheza ukiangalia wapi?

Ukicheza ukiangalia dirisha la OBS, utachelewa, kwa kadi yoyote. Picha inanaswa, inasafiri kwenye USB, inachorwa upya. Cheza kwenye TV, kupitia tundu la OUT. Kama TV nayo inachelewa, tafuta kwenye menyu yake mpangilio wa gemu, Game Mode, uuwashe.

Kadi nyingi za bei ya chini hazina OUT kabisa. Zina mdomo mmoja wa HDMI na USB, basi. Mwenye hiyo atahitaji kigawanyaji cha HDMI, kimoja ndani viwili nje, chenye chaja yake mwenyewe. Ukijumlisha bei ya kigawanyaji na kebo ya ziada, mara nyingi unakaribia bei ya kadi yenye OUT. Piga hesabu hiyo dukani, si baada ya kufika nyumbani.

Kama huna TV na lazima ucheze kwenye laptopu, kwenye Properties za kadi weka Buffering iwe Disable, na chagua 720p kwa fremu 60. Itapungua, haitaisha. Gemu za zamu na za hadithi utacheza. Mashindano usiingie hivyo.

SAUTI HAIPO, AU IPO KWA KERO

Hakuna sauti kabisa: kwenye Properties za kadi shuka chini, weka tiki kwenye Use custom audio device, chagua kifaa chenye jina la kadi, mara nyingi kinaandikwa USB Digital Audio. Windows inaihesabu sauti ya kadi kama maikrofoni, kwa hiyo ruhusa ya maikrofoni nayo iwe wazi. Kwenye konsoli weka utoaji wa sauti Linear PCM, chaneli mbili. Kadi nyingi hazielewi Dolby wala DTS. Chomoa hedifoni kwenye pedi uone kama sauti inarudi.

Sauti kwenye rekodi ipo, wewe huisikii: hilo si kosa, OBS haikusikilizishi mpaka uiambie. Advanced Audio Properties, Audio Monitoring, chagua Monitor and Output.

Sauti inasikika mara mbili kama mtu anayeongea ndani ya pipa: inaingia kwa njia mbili, ya kadi na ya kompyuta. Zima Desktop Audio.

Sauti nzito au ya upande mmoja kwenye kikadi kidogo: kuna chipu maarufu, MS2109, inayojitambulisha kwa Windows kama mono ya 96 kHz ilhali ni stirio ya 48 kHz. Ukikutana nayo, usihangaike kuirekebisha kwa spika. Mono inayoeleweka inatosha kwa laivu. Anayetaka stirio safi abadilishe kadi.

Sauti inatangulia midomo: pima tofauti kwa kupiga kofi mbele ya kamera, kisha sahihisha kwa milisekunde kwenye Sync Offset.

Sauti za wenzako kwenye party ya PlayStation, yale maongezi ya kikundi, mara nyingi hazipiti kwenye HDMI ukiwa na hedifoni kwenye pedi. Wengi wanarudisha kadi dukani kwa ajili ya hilo.

RANGI ZIMEFIFIA

Zima HDR kwenye konsoli. Kama bado, weka RGB Range ya konsoli iwe Limited na ya OBS iwe Limited, zilingane. Basi.

REKODI SAFI, LAIVU INAKATIKA

Ule mstari wa tatu wa Stats, Dropped Frames. Ukipanda huu peke yake, kadi haihusiki hata chembe. Ni intaneti.

Pima kasi ya kupandisha, siyo ya kushusha, na uipime saa ileile utakayorusha. Mnara unaokupa megabiti 8 saa tano asubuhi unaweza kukupa 2 saa mbili usiku, mtaa mzima wa Ilomba ukiwa kwenye TikTok. Namba ya Bitrate kwenye OBS (kilobiti unazorusha kila sekunde; 1,000 ni megabiti moja) iwe chini ya ulichopima kwa theluthi moja hivi. Kwa 720p ya fremu 30, 2,500 inaangalika vizuri. Twitch kwa kawaida inashauri isizidi 6,000 hata kwa mwenye faiba.

Kisha bando. 2,500 ya picha na 128 ya sauti inakula takriban GB 1.2 kwa saa. Ligi ya saa nne ni karibu GB 5. Laivu nyingi ninazoitiwa «imekatika ghafla» zilikatika kwa sababu bando liliisha robo fainali.

Unganisha simu na laptopu kwa waya wa USB kuliko hotspoti ya hewani. Simu uiweke dirishani, upande wa mnara. Nyumba za matofali ya kuchoma zilizokaa bondeni zinameza mawimbi. Kwenye OBS, Settings, Advanced, chini kwenye Network, kuna tiki ya kuruhusu Bitrate ishuke yenyewe mtandao ukibana. Iweke.

Na kama ni mara ya kwanza kurusha YouTube, akaunti inaweza kuchukua hadi saa 24 kuruhusiwa. Iwashe siku moja kabla ya shindano.

UMEME UMEKATIKA, FAILI HALIFUNGUKI

Fainali yetu ya kwanza ya mtaa nilirekodi kwenye MP4, laptopu ikiwa haina betri. Dakika ya 80 umeme ukaenda. Faili lilikuwa na ukubwa wake wote kwenye diski, na halikufunguka kwa programu yoyote. Vijana waliocheza siku hiyo bado wananiuliza.

MP4 ya kawaida inaandika ramani yake mwishoni, ukisimamisha rekodi. Ikikatwa kabla, hakuna ramani. MKV inajiandika kadiri inavyokwenda. Umeme ukikatika unapoteza sekunde chache tu. Settings, Output, Recording Format, weka MKV. Ukimaliza, menyu ya File ina Remux Recordings, inaigeuza kuwa MP4 kwa dakika moja bila kupunguza ubora.

Kama rekodi inakatika yenyewe ikifika GB 4, diski yako ya nje ni FAT32. Hamisha vitu vyako, iformati kwa exFAT.

UNAPOGUSA UNATETEMESHWA

Hapa usiendelee kutafuta. Simama.

Mwasho mdogo kama sisimizi unapogusa chuma cha plagi ya HDMI unatokana na vifaa vya plagi ya pini mbili visivyo na waya wa ardhi. Umeme unavuja kidogo kupitia pawa saplai. Mkononi hauumizi sana, lakini ukichomeka HDMI vitu vikiwa vimewaka, mvujo huo unaweza kupita kwenye vijiti 19 vile na kuua tundu la kadi, la TV au la konsoli. Kwa hiyo sheria ya mezani kwangu: zima vyote kwenye soketi, unganisha HDMI zote, ndipo uwashe.

Ukirushwa mkono, au ukiona cheche, hiyo siyo ya fundi wa gemu. Zima swichi kuu, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji) apime waya wa ardhi wa nyumba. Fanya vivyo hivyo ukisikia harufu ya plastiki kuungua kwenye ekstensheni. Usifungue pawa saplai ya konsoli hata baada ya kuichomoa, kapasita za ndani zinabaki na umeme.

Kuanzia Novemba hadi Aprili, ngurumo zikianza upande wa Loleza, chomoa. Siyo soketi tu: waya wa dishi unaoingia nyuma ya TV ni njia ya radi kufika kwenye kadi, na kutoka kwenye kadi kufika kwenye laptopu. Kadi imeunganisha vitu vitatu vya bei ya juu kuliko yenyewe.

PS3 NA PS2

Vibanda vingi bado vinazo. PS3 ina HDCP kwenye HDMI na hakuna pa kuizima. Inanaswa kwa kebo ya component, ile ya plagi tano, na kadi inayopokea component. Usinunue kadi ya HDMI kwa ajili ya PS3. PS2 inatumia waya za njano, nyeupe na nyekundu, na kikadi cha bei nafuu cha RCA kinatosha. Picha ikija nyeusi na nyeupe, badilisha kati ya PAL na NTSC, mifumo miwili ya rangi za TV, kwenye programu.

UKIFIKA KUNUNUA

Kama umepita kote huko na kadi ndiyo mkosaji, chagua kwa kuangalia ulichonacho mezani. Laptopu yenye USB 2.0 tu: kikadi kidogo cha MJPEG kinatosha, cha bei ya juu hakitaongeza kitu. Laptopu ya USB 3.0 na PS4, Switch au Xbox One: kadi ya 1080p fremu 60 yenye OUT. PS5 na TV ya 4K unayotaka kuendelea kuifaidi: tafuta inayopitisha 4K fremu 60 na HDR kwenda kwenye TV huku ikinasa 1080p, mfano Elgato HD60 X. Huna laptopu inayoaminika: zipo zinazorekodi kwenye memori kadi zenyewe, kama AVerMedia Live Gamer Portable 2 Plus.

Dukani beba laptopu yako na pedi. Ukiagiza kutoka Dar, kabla ya kutuma hela mwombe muuzaji picha mbili kwa WhatsApp: plagi ya USB iliyochunguliwa kwenye mwanga ili uhesabu vipande vya shaba, na skrini ya OBS ikionyesha orodha ya fremu za 1920x1080. Akikupa picha ya boksi badala yake, mwombe tena. Akikupa boksi mara ya pili, nenda kwa mwingine.